Chifu Amezaa

Baba Kosmasi,

Chifu amezaa.

Naam, umesikia vizuri hapo ulipo. Yule paka wako dume, uliyembeba kutoka Dumila ndani ya tenga la nyanya huku ukijisifu njia nzima, amezaa juu ya koti lako la kanisani. Siku ya kugawa nguo zako sikuwa na moyo wa kulitoa, nikaliacha kitandani. Sasa limejaa damu na manyoya. Nimelifua huku nalia kwa hasira.

Nilikwambia. Jamani, nilikwambia! Ulipomtoa tu kwenye tenga nikaona weusi, rangi ya chungwa na weupe, nikasema mume wangu, huyu jike, paka wa rangi tatu huwa majike, hata mama yangu alijua hivyo. Ukacheka. "Mama yako alikuwa daktari wa paka?" Ulitaka dume la kukamata panya wa mahindi darini bila kutujazia nyumba vitoto, rafiki yako kakupa dume, basi ni dume. Ukamwita Chifu. Hata mkia hukumwinua ukaangalia.

Bwana mifugo alipokuja kuchanja mbuzi nikamuuliza mbele yako. Akakueleza taratibu, kikombe cha chai mkononi. Weusi au uchungwa wa paka, alisema, husafiri pamoja na kile kile kinachomfanya awe jike au dume. Jike anapewa mara mbili, kwa mama na kwa baba, ndiyo maana anaweza kubeba rangi zote mbili, huku doa jeusi, huku la chungwa. Dume anapewa mara moja tu, na mama yake. Atakuwa mweusi au wa chungwa, baba hana la kumwongezea hapo. Weupe ni habari nyingine, huo anaweza kuwa nao yeyote. Kisha yule kijana, kwa uungwana wake, akaongeza kwamba mara chache sana huzaliwa dume la rangi tatu, na hilo kwa kawaida halizalishi.

Loh! Nani alimtuma aseme hayo? Uliruka kitini. "Umesikia, Mama Kosmasi? Wapo! Na hawazalishi! Si ndiye huyu sasa?" Maelezo yote yale, wewe uliokota hilo tu.

Na ndivyo ulivyokufa, Baba Kosmasi. Kwa neno hilo hilo. Muuguzi wa zahanati alikwambia presha yako iko juu, umeze vidonge kila siku, hata ukijisikia mzima. Ukameza mpaka kichwa kikaacha kuuma, vilivyobaki ukavisukumia chini ya godoro. Nikipiga kelele unaniletea Mzee Tadei wa kule juu, aliyetupa vidonge vyake mtoni na akazikwa kikongwe hana hata jino. "Wapo," unasema. Wapo, wapo! Ukiambiwa linalowapata watu wote, wewe unamtafuta mmoja aliyeponyoka unakaa kwenye nafasi yake. Nani alikwambia wewe ndiye huyo mmoja?

Ulianguka kwenye migomba, panga mkononi. Majirani wakakubeba kwenye machela kushuka hadi barabara ya Mkuyuni kungoja gari, mimi nyuma nakimbia na ndala yako moja, nakusemesha. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, hukuweza kunijibu. Wewe, mtu usiyekosa jibu! Gari halijafika, ukawa umeshakwenda. Watu wa jumuiya wananiambia nisimseme vibaya marehemu. Nawajibu huyu ni marehemu wangu, nitamsema nitakavyo.

Vitoto vya Chifu nimevikagua mkiani, mimi sina aibu. Cha rangi ya chungwa dume. Cheusi chenye miguu myeupe dume. Cha rangi tatu jike, kama ulivyoambiwa. Nikageuka nikuite. Kweli niligeuka, kitoto mkononi, "Njoo uone, mbishi we!" Chumba kizima hakuna mtu. Nikakaa chini pale pale.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo limenishikisha kalamu. Kosmasi alipanda kutoka mjini kwa misa ya arobaini yako. Yule muuguzi naye alikuja, nikamwomba ampime. Presha ya mwanao iko juu, na kichwani hana hata unywele mmoja wa mvi. Unajua alisema nini? Akavuta kofia mbele, akatabasamu lile tabasamu lako, akasema, "Mama, wapo wanaoishi nayo miaka yote wala haiwafanyi kitu."

Wapo! Nilidhani umeamka. Dume huchukua rangi kwa mama, sawa, na wangu kachukua nini kwangu? Pua? Ubishi wote kachota kwako, hata tone hakukuachia. Nilimrushia mwiko. Haukumpata.

Wewe nilikubembeleza kwa sababu ni mume wangu. Yule nimemzaa. Jumatatu nashuka mjini na gari la ndizi, nahamia kwake. Vidonge atameza mbele yangu, halafu afungue mdomo nione. Akinuna, anune. Mkewe akinichoka, anichoke. Sirudi huku mpaka awe anameza bila kuambiwa, na hiyo ni ahadi, nakuahidi wewe na Mungu anasikia.

Haya, pumzika, mume wangu. Nakupenda, na hasira zangu hazijaisha, kaa navyo vyote viwili. Ndugu zako nimewaambia waache nafasi ya kaburi moja hapo pembeni yako. Nafasi hiyo ni yangu. Kosmasi hatanitangulia kulala hapo.

Mkeo,
Mama Kosmasi