Jogoo Aliyenadiwa Mara Tano

S.L.P. 43,
Lushoto.

7 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Glory,

Marahaba. Najua hujafika hata mstari wa pili na umeshaniamkia, maana mama yako Raheli hakukulea kwa mchezo. Hujambo huko Bielefeld? Ule mguu uliokuwa ukikuuma kwa kusimama zamu nzima wodini umepona? Na wale wazee unaowauguza, wamelizoea jina lako, au bado wanakuita kwa jina la nesi aliyetangulia? Huku tuko katikati ya baridi. Ukungu unashuka saa tisa alasiri na hauinuki mpaka kesho yake saa nne, nami nalala na soksi jozi mbili. Magoti yananikumbusha umri. Macho bado yanasoma, na ingekuwa heri kama yangegoma mapema.

Maharage yamekubali mwaka huu. Viazi vimeungua na baridi, vyetu na vya majirani, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeisikia sauti yangu ukanihurumia, na sitaki unihurumie kabla hujajua. Mwaka jana ulinitumia kitabu kwa mkono wa wageni wa usharika rafiki wa huko Ujerumani, na ndani yake ukaweka karatasi yenye swali moja: "Shangazi, hiki ni cha kuaminika?" Nimekaa na swali lako mwaka mzima na ushee. Leo nakujibu, na jibu linamhusu baba yako.

Kwanza ujue kwamba wenzangu wa usharika hawakusubiri jibu. Kabla kitabu hakijafika kwangu, picha za kurasa zake chache zilikuwa zimeshazunguka kwenye simu za watu. Wasiompenda diwani wetu walisema kila neno ni kweli, na hawakuwa wamesoma. Waliokaa chini ya bati jipya la kanisa, lililonunuliwa kwa fedha zake, walisema ni kazi ya shetani, nao hawakuwa wamesoma. Usharika mzima ulikuwa na msimamo juu ya kitabu ambacho nakala yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa mezani kwangu chini ya kopo la sukari.

Wewe umekisoma, unajua kinachosema: namna wahubiri wa kiinjili na wanasiasa wanavyobebana mgongoni, Marekani, Brazili, na katika sura ya mwisho, huku kwetu milimani. Baraza la wazee liliniomba mimi, mwalimu mstaafu wa historia, nikisome na kutoa taarifa. Nisikudanganye, nilivimba kichwa.

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha watoto wa watu kupima maandishi. Nani ameandika? Alikuwapo, au alisimuliwa? Anapata nini? Na yale unayoyajua mwenyewe, ameyapatia? Basi nikachonga penseli nikaanza na sura yetu, maana ya Brazili ningeyapimia wapi. Mwandishi anasema alitoka Lukozi akatembea kwa miguu hadi Vuga, akafika kabla ya chai ya saa nne, mwendo unaomaliza siku nzima. Nilicheka peke yangu jikoni. Labda alipanda mgongo wa ndege. Mchungaji wetu anamwita padri, kana kwamba sisi ni Wakatoliki. Kila kosa nikalipigia mstari, na kila mstari ulinipa raha.

Halafu nikafika kwa jogoo.

Wewe umekulia kwenye mnada, unajua ulivyo. Sadaka ya mazao inanadiwa nje baada ya ibada, na mnunuzi akiguswa anairudisha kwa Bwana, inanadiwa tena. Mkungu mmoja wa ndizi uliwahi kutujengea choo cha chumba cha kwaya. Lakini mgeni huyu anaeleza kwa mshangao kwamba Jumapili ya mavuno, mwaka ule wa uchaguzi, jogoo mmoja aliuzwa mara tano. Anasema wanunuzi wanne wa kwanza walikuwa wamepewa fedha na mtu wa mgombea udiwani, huyu diwani wetu wa leo, ili wanunue na kurudisha, watu waone Roho anatembea. Wa tano akawa mgombea mwenyewe, akamkabidhi jogoo kwa mchungaji, akaitwa madhabahuni kuombewa kama mtu aliyeletwa na Mungu. Shahidi wake ni mzee mmoja wa kanisa, hakumtaja jina, aliyemwambia kwamba alikuwa mmoja wa wale wanne.

Glory, siku ile nilikuwapo. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Nililia. Na Oktoba nilimpigia yule mtu kura, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu Mungu akimchagua. Sasa aje mtu asiyejua umbali wa Vuga aniambie kwamba nilililia fedha za mfukoni mwa mtu?

Niliandika taarifa kurasa tatu. Niliandika kwamba mwandishi asiyeujua mnada hawezi kulijua kanisa, kwamba jogoo kurudishwa ni desturi yetu tangu kwa babu zetu, na kwamba huyo mzee wa kanisa ama ametungwa, ama ni mwongo. Ilisomwa ibadani baada ya matangazo. Watu walisema amina, na mimi niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo.

Wiki iliyofuata baba yako alisimama kwenye kikao cha baraza akasema, "Huyo mzee ni mimi." Alisema hivyo tu, akakaa.

Hatukukuambia. Alitukataza, na kila ulipopiga simu kuuliza habari za kanisa alisingizia mafua. Ukweli ni kwamba tangu Agosti ya mwaka jana amevuliwa uzee wa kanisa na kutengwa na Meza ya Bwana, mpaka asimame mbele ya usharika akiri kwamba alidanganya. Na mimi, dada yake wa tumbo moja, sikumtetea. Nilisema ni uzee, amechanganyikiwa, yule mgeni mwenye Kiswahili cha chuoni alikunywa chai yake na kumtia maneno mdomoni. Niliiamini taarifa yangu kuliko kaka yangu. Tulikaa miezi tisa hatusemezani, na shamba lake na langu yanagawanywa na mstari tu wa mimea ya masale.

Mwezi wa tano Paskalina wa kwaya alikuja kunisaidia kuchambua mbegu za maharage. Katikati ya kazi akasema bila kuinua uso, "Mwalimu, mimi nilikuwa wa tatu." Nikamuuliza wa tatu wa nini. Akasema, "Wa jogoo. Kaka yako alikuwa wa kwanza. Tulipewa nyuma ya chumba cha kwaya, mmoja mmoja." Nilimwomba twende barazani siku hiyo hiyo. Akaniambia mwanawe analinda geti la ofisi fulani mjini, na aliyempa ile kazi ni diwani. "Usiniue, Mwalimu," akasema, akaendelea kuchambua.

Nilimwendea baba yako nikapiga magoti, na magoti yangu unayajua. Hakunikemea. Aliniambia kwamba baada ya ule mnada alijaribu mara mbili kumwambia mchungaji wa wakati ule alichofanya, na mara zote mbili aliambiwa asilivuruge kanisa kwa jambo dogo. Ndipo akaja mgeni aliyekuwa tayari kusikiliza. Mficha uchi hazai, alisema, na yeye alikuwa amechoka kuficha.

Nikaandika taarifa ya pili, nikaipeleka. Mwenyekiti wa baraza siku hizi ni Stephano, niliyemfundisha darasa la sita. Alisimama kunipokea, "Shikamoo, Mwalimu," akanivutia kiti. Aliisoma yote bila haraka. Kisha akaniuliza, "Shahidi wako wa pili anaitwa nani?" Sikulitaja jina la Paskalina. Akasema, "Ulitufundisha tuulize mtu anapata nini. Huyu ni kaka yako. Mwamba ngoma huvutia kwake, Mwalimu." Mkuki kwa nguruwe mtamu, mwanangu. Kipimo changu mwenyewe kilirudi kunipima, na kwa kipimo kile hata mimi nisingejiamini.

Mchungaji wa sasa ni kijana, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. Aliniambia kwamba taarifa ya kwanza ilisomwa mbele ya watu wote, na kuifuta ni kuwaambia watu kwamba bati lililo juu ya vichwa vyao ni la hila. Mwakani kuna uchaguzi tena, watu watapasuana. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema. Lakini akatoa njia: baba yako, Mzee Kristofa, aseme tu kwamba alikosea, hata asipoeleza alikosea nini, na Jumapili hiyo hiyo atarudi mezani.

Nilikimbia na habari hiyo kama mtu aliyeshinda kesi. Nilimwambia baba yako neno ni moja tu, nilikosea, na kila mtu ajaze anavyotaka. "Nilikosea, ndiyo," akasema. "Nilizipokea zile fedha. Hilo nitalisema hata leo, hata kwa kubebwa. Lakini wao wanataka nitubu kwa kuwa nimesema." Nilimsihi. Mama yako alimsihi akilia. Aligeukia ukutani.

Alisema kwa kubebwa kwa sababu sasa hatembei. Tulimpeleka hospitali ya Bumbuli mwezi uliopita. Daktari alitueleza kwa upole kwamba moyo umetanuka na umechoka, akatupa dawa za kumpunguzia maji mwilini, akasema tukae naye nyumbani. Wewe ni nesi, huhitaji nikufafanulie. Miguu imevimba mpaka magotini, na analala ameketi.

Na unajua kanuni. Mtu aliyetengwa hazikwi na kanisa. Hapigiwi kengele, haimbiwi na kwaya, na mchungaji hafiki. Mtu aliyekuwa mzee wa kanisa miaka ishirini na sita, aliyebeba mawe ya msingi wake begani, atachimbiwa na majirani, atafukiwa, watu watarudi kwenye mashamba yao. Neno mwongo ndilo limebaki kati yake na mazishi ya kanisa, na mimi ndiye niliyeliandika.

Jumanne alasiri aliniomba nimletee kitabu. Hakuwahi kujua kilichoandikwa, Kiingereza hakijui. Nikamtafsiria ile sura, sentensi kwa sentensi, nikapita na Vuga na padri na vyote. Tulipofika kwenye maneno ya mzee asiye na jina alifumba macho. Nilipomaliza akasema, "Ndivyo nilivyosema. Hakuongeza, hakupunguza." Kisha akasema, "Sasa nisomee ya kwako."

Nilisema sina. Akaniambia ninayo. Ilikuwa ndani ya kitabu, nimeikunja humo kwa majivuno tangu mwaka jana. Nikasoma kurasa zote tatu. Nilipofika kwenye neno mwongo nilitaka kuliruka, akanikazia macho, nikalitamka. Alitafuta pumzi. "Umeandika vizuri, Tabitha," akasema. "Mtu yeyote angeamini." Hakusema kwa kunichoma. Ndivyo alivyoona.

Basi jibu lako, mwanangu. Ya Marekani na Brazili sijui, na naanza kuogopa watu wanaosema wanajua. Kuhusu Vuga amekosea. Kuhusu jogoo amesema kweli tupu, kwa sababu alimsikiliza mtu aliyekuwapo, na mimi sikumsikiliza. Nilisahihisha yale madogo niliyoyajua nikadhani nimekisahihisha kitabu. Ningemfelisha mwanafunzi kwa kosa hilo.

Wala usidhani kwamba kuijua kweli kumesaidia. Haina pa kwenda. Paskalina hasemi. Diwani anagombea tena, na juzi nimemwona akisalimiana na Stephano mlangoni. Jumapili ya mavuno inakuja na watanadi, na watu watalia kwa furaha kama nilivyolia. Wenye kukiamini kitabu bado hawajakisoma, na wasiokiamini wana taarifa yangu, yenye mhuri.

Ukipata likizo, njoo sasa, usingoje Krismasi. Baba yako hatakuomba. Lakini usije na barua za kulibadilisha baraza, nimeshazipeleka zote. Njoo umshike mkono tu. Na kama utaona huwezi kukaa nyumba moja na mimi, nitaelewa, Raheli ataniambia nisije siku hizo.

Mama yako anakusalimu sana, ndiye aliyeniruhusu niandike. Mdogo wako Alen anakusalimu, amejenga banda jipya la ng'ombe na anamgeuza baba yenu kitandani bila kuchoka. Paskalina angekusalimu kama angejua nakuandikia. Jina lake nimelitaja kwako peke yako, libaki hapo. Baba yako anakusalimu, anasema usiache kwenda kanisani kwa sababu yake.

Mungu akufunike, mwanangu, akutazame kwa uso mwema, akupe amani. Maneno kama haya ndiyo ambayo mchungaji hatayatamka juu ya baba yako. Nimeuliza kama mshirika wa kawaida anaweza kuyasema, nikajibiwa kwamba atakayeomba kaburini kwa mtu aliyetengwa atatengwa naye. Nitayasema mimi. Hayatakifuta nilichoandika, na yeye hatayasikia.

Nikupendaye, hata utakapokuwa umenikasirikia,
shangazi yako,

Tabitha