Moja Saba Zimegawanyika

Baba,

Imegawanyika! Habari za nyumbani zitangoja kidogo.

Unakumbuka ile siku ya wazazi. Mwalimu wa hesabu aliandika 1,111,111 ubaoni, akasema nambari hiyo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Wewe ukainua mkono kule nyuma, gambuti zako zimejaa matope, ukauliza, "Mwalimu, umejaribu?" Wazazi wakacheka. Naye akakujibu, "Mzee, wewe chuma majani chai, hesabu utuachie sisi." Mimi nikainamisha kichwa. Nisamehe, Baba. Nilikuonea aibu wewe, badala ya yeye.

Tangu hapo, kila ukingojea lori la majani chai hapa Kibugu, ulikuwa unagawanya. Kwa tatu, ikakataa. Kwa saba, ikakataa. Kumi na tano ulinifundisha kuiruka, kwa sababu kama tatu imeshakataa, kumi na tano haina la kusema. "Tukifika elfu moja hamsini na nne bila kupata kitu," ulisema, "nitamwomba mwalimu msamaha, maana kila kigawanyo cha juu ya hapo kina mwenzake wa chini, ambaye tungeshamwona. Lakini kwanza tufike."

Homa ya mapafu ilikuchukua ukiwa umefika 199.

Baada ya mazishi, amu Njiru alitaka kuwashia jiko karatasi zako za hesabu. Nilizikalia. Nilizikalia kabisa, nikamwambia aniwashe na mimi.

Halafu nikaendelea pale ulipoachia. 211, hapana. 223, hapana. 227, hapana. 229 ikabakisha tatu tu, nikalia. 233, hapana. Nikajaribu 239, nikateremsha moja ya mwisho, na chini hapakubaki kitu. Mia mbili thelathini na tisa mara elfu nne mia sita arobaini na tisa. Ulikuwa umebakisha sita, Baba. Sita tu!

Jumatatu nilienda ubaoni bila kuitwa, nikaandika yote. Mwalimu akakagua mara mbili, akasema kitabu ndicho kilikosea. Nikamwambia, "Si kitabu kilichomcheka baba yangu." Alinipa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja mzima. Nilifyeka zote, na sijutii hata kidogo.

Mama aliposikia hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mia mbili na ngapi?" Siku hizi akichuma chai namsikia akiitaja peke yake.

Ile 4,649 nayo nimeijaribu mpaka 67, ambako ndiko mwisho wake kwa kanuni yako. Hiyo kweli haigawanyiki, na sasa najua kwa mkono wangu, sikuambiwa na mtu.

Nimeshaandika nyingine: 11,111,111,111, moja kumi na moja kwa mstari mmoja. Amu anasema hesabu haitanipatia bwana. Aseme.

Pumzika salama, Baba. Nakuahidi sitaiacha hii, hata nikiolewa, hata nikizeeka nikiwa nayo. Nimeanza na tatu. Imekataa. Naendelea.

Mwanao,
Muthoni