Mkono wa Kulia wa Mulalo

29 Desemba

Kwako Kaka Fhatuwani,

Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani, na pole kwa kazi ya chini ya ardhi. Natumaini vumbi la mgodi halikusumbui tena kifuani. Huku mvua imenyesha, mahindi ya mama yenu yamefika magotini. Mimi mzima, ila ngumi zimevimba, na hizo ngumi ndizo zinazonifanya nikuandikie.

Najua umeshapigiwa simu. Umeambiwa mdogo wako Mulalo amelazwa, jicho la kushoto halipo, taya limefungwa nyaya, na aliyemfanya hivyo ni mimi, Rendani, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Umeambiwa pia ni ubishi wake mwenyewe, alikataa kukubali kushindwa. Kaa chini, kaka, unisikilize mimi.

Unaukumbuka uvimbe wa kwapa la kulia uliompeleka Pretoria miaka kumi na moja iliyopita, akapigwa mionzi wiki hadi wiki, ngozi ikawa nyeusi kama sufuria. Alipona, tukachinja mbuzi. Basi mwaka jana vidole vya mkono ule ule vilianza kuwaka moto, kisha vikafa ganzi. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari alisema saratani haijarudi. Alisema ni mionzi ile ile iliyomponya, imekuwa ikiikausha mishipa ya fahamu polepole miaka yote hii, na dawa ya kuirudisha hakuna. Akampa vidonge vya maumivu na mazoezi. Tulipotoka nje Mulalo aliniapisha nisimwambie mtu, hata wewe, hata mama. Alisema wakijua watasema ugonjwa umerudi au karogwa, na yeye hataki kuliliwa akiwa hai. Nikaapa.

Mkono ukazidi kufa. Mwezi wa kumi, kwenye pombe ya wazee, kibuyu kilimponyoka kikapasukia miguuni mwao, na vijana wakacheka kwamba siku hizi Mulalo ana mikono ya bibi harusi. Yeye, bingwa! Miaka saba mfululizo hakuna aliyemlaza kwenye musangwe, ngumi zetu za mikono mitupu, na mimi ndiye niliyelazwa mara nyingi kuliko wote. Wewe ndiye uliyetufundisha kukunja ngumi, unajua alivyokuwa akinipiga tangu utotoni.

Tarehe kumi na sita mwezi huu niliingia uwanjani, kifua wazi, nikazunguka na ngumi juu nikitafuta mpinzani. Akatoka yeye. Nilimsogelea nikamuuliza chinichini kama ana wazimu. Akanijibu kwamba nikimwonea huruma mbele za watu hatanisamehe, na kwamba kwa mtu kama mimi mkono mmoja unatosha na chenji inabaki. Kidole gumba cha kulia alikuwa amekichomeka kwenye mkanda. Watu wakadhani ni maringo, wakamshangilia.

Haki ya Mungu, nilianza kwa kumhurumia. Akanipasua mdomo kwa kushoto. Akarudia, jino likaruka. Watu wakaanza kuliimba jina lake, naye akacheka, akauliza kwa sauti ya kusikika uwanja mzima kama kwetu tulizaliwa bila mikono. Damu ikanipanda kichwani. Miaka saba nimepigwa na mwenye mikono miwili, sasa nipigwe na mwenye mmoja? Nikamvamia. Nilimponda mbavu hadi nikamsikia akikosa pumzi. Niliukamata ule mkono wa kushoto nikauvuta kwa uzito wangu wote, bega likachomoka. Nikampiga taya, likavunjika kama muwa. Damu yake ilinirukia usoni na nilifurahi, kaka. Sitakudanganya, nilifurahi.

Mwamuzi alitaka kusimamisha. Watu wakamzomea, wakasema sheria ni ile ile, aliyechoka ainue mkono. Mimi nikapiga kelele kuliko wote. Tukaendelea hadi akaanguka.

Wazee walikwenda hospitali wakamuuliza kama aliwahi kukubali kushindwa. Hawezi kusema, taya limefungwa. Akatikisa kichwa kwamba hapana, huku lile jicho lililobaki linanitazama mimi. Wakatoka wakisema basi, ya uwanjani huishia uwanjani, Rendani hana kosa. Mama yenu ananipakulia ugali na mashonzha, wale viwavi wa kukaanga, kila jioni, ananiita mwanangu, ananikataza kujilaumu. Nami nakula, namshukuru.

Kaka, aliinua. Watu na mwamuzi walikuwa nyuma yake, wakauona mgongo tu. Aliyekuwa mbele yake ni mimi peke yangu. Bega la kulia lilipanda mpaka karibu na sikio, kidole kikachomoka kwenye mkanda, mkono ukaning'inia. Akalipandisha tena. Akalipandisha mara ya tatu, huku ananiangalia, mdomo umejaa damu. Hakuna mwingine pale aliyejua maana yake. Mimi nilikuwepo daktari alipoeleza, nilijua ananiomba nimwache. Wakati ule macho yake yote mawili yalikuwa mazima. Jicho nililipiga baada ya hapo.

Jumapili, ibada ikiisha, nitamwambia mama yenu mbele ya wazee, kwa kinywa changu. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe nakuogopa zaidi. Ukitaka kuja kunivunja, njoo, nyumbani unapajua na sitakimbia. Ila usimpigie mama simu kabla ya Jumapili, tafadhali. Hilo niachie mimi.

Wasalimie wenzako wa zamu. Mama yenu naye anakusalimu sana. Ameniomba nikuandikie kwamba ukija umnunulie Mulalo miwani myeusi, ile mizuri, na mimi uniletee shati, kwa vile ninavyomuuguza ndugu yako.

Ni mimi,
Rendani