Hakuna Ushahidi

Mwika

Kaka Elirehema,

Shikamoo. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Nilikuficha jambo. Mama alitolewa uvimbe kwenye titi, ukapelekwa kupimwa. Majibu yaliandikwa kwa Kiingereza, "no evidence" ya saratani, nami nikamtafsiria kwamba hakuna ushahidi.

Akasema, "Hata mwizi huachiwa hivyo mahakamani."

Siku tatu alikula kwa kulazimishwa. Jana nikampeleka Moshi kwa daktari.

"Mama, ndivyo wanasayansi wanavyoandika wakitafuta kote wasione kitu," daktari alimwambia. "Hawapendi kuapa. Lakini uwe na amani, saratani hatukuiona."

Mama alilia pale pale, mimi pia. Leo anachuma kahawa tangu asubuhi, na hataki nimsaidie.

Mdogo wako,
Aikande