Siku Mama Alipokataa Kupika

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu kutoka Mloka. Sote wazima, babu yako kapona kikohozi. Unauliza ule nini na joto la huko Dar, maana umechoka kupika.

Nilipokuwa binti nililinda mpunga na mama yangu juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu shambani. Alasiri moja nikataka kushuka kuwasha moto. Mama akanishika mkono.

"Jua kali hili. Leo hatupiki."

Akakata matango, akachanganya na kunde za asubuhi, nazi na ndimu. Tukiwa tunakula, tembo akatoka kichakani kimya, akasimama penye mafiga yetu, akapekua majivu kwa mkonga. Tuliacha hata kutafuna.

Alipoondoka, mama akanisogezea bakuli. "Malizia."

Ni mimi bibi yako, niliyebaki juu.