Vyake Vyote Mpe

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya duka la vioo,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Amani ya Mungu ikufikie huko kwenye baridi yenu. Goti linaendeleaje? Ulisema unalipaka dawa. Lipake, lakini uliombee pia, maana dawa bila dua ni uzi bila fundo. Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri na anagombana vizuri, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Presha yangu imetulia, ingawa wiki iliyopita ilipanda ngazi mbili mbili, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Unajua tulivyokuwa tukifanya kazi hapa. Mimi napima mbele, Mkataji yuko chumba cha nyuma, na vipimo vilimfikia kwa kupigiwa kelele. "Kiuno mia na nne!" Mteja anasikia, wapita njia wanasikia, muuza vioo anachungulia. Binti yangu, mpwa wako, ambaye tangu amalize chuo haachi kompyuta ipumue, akasema aibu hii atatuondolea. Akatafuta kompyuta kuukuu, akaiweka chini ya meza ya kukatia, akaingiza humo daftari langu lote, kila mteja na mstari wake na namba yake. Hiyo anaiita hifadhidata. Kisha akatengeneza kitu kinaitwa API. Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza bibi yake. Akasema, "Mama, hifadhidata ni stoo, API ni dirisha la stoo. Huingii ndani. Unaomba dirishani kwa namba ya mteja, nalo linakupa." Hapo nikaelewa, na mpaka leo naliita Dirisha.

Siku ya kwanza nikaliandikia kwa adabu: Habari za asubuhi, samahani kwa usumbufu, naomba vipimo vya namba saba. Likajibu: Ombi si sahihi. Nikaona limeamka vibaya. Kumbe salamu halitaki, linataka namba tu. Mkataji alicheka mpaka mkasi ukamponyoka. Lakini tulipolizoea, ee Mungu, raha iliyoje! Yeye anauliza kwa simu yake huko nyuma, na mimi koo limepona.

Sasa nikuungamie jambo. Daftari langu lilikuwa na safu mbili za vipimo. Ya kwanza, "anachosema". Ya pili, "halisi". Mteja akija akasema kiuno chake ni themanini, mimi naandika themanini mbele ya macho yake. Futi ya kupimia ikiniambia kweli, naandika kweli pembeni, na Mkataji anakata ile ya pembeni. Nguo inamkaa, mtu anatoka akijisifu, hakuna aliyeumia. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa, na moyoni nilihesabu kuwa ni huruma, si uongo. Mpwa wako akaviingiza vyote kama vilivyo, pamoja na maneno yangu ya pembeni.

Baadaye akaona afadhali wateja nao waulize Dirishani kwa simu zao, wajue nguo zimefika wapi. Akaja kuniuliza, "Mama, mteja akiomba, nimpe vipi?" Wakati huo nina pini sita mdomoni, na mteja mmoja amesimama mezani anadai vipande vya kitambaa chake vilivyobaki. Nikadhani ni hivyo vipande anavyoulizia. Nikajibu kwa pembe ya mdomo, "Vyake vyote mpe! Tusije tukadaiwa akhera."

Mtoto mtiifu huyo, akaenda akafungua vyote.

Alhamisi wa kwanza kuuliza akawa Mwalimu Mkuu, rafiki yangu yule aliyekesha nami hospitali siku tatu Mama alipopasuliwa. Simu yake ikamletea haya: Gauni la bluu, tayari. Kiuno anachosema, themanini. Kiuno halisi, tisini na sita. Maelezo: Mwache na themanini yake, ana mengi ya kubeba.

Hakuja kuchukua gauni. Siku ya ibada akakaa upande wa pili, nikamsalimu, akaitikia ukuta. Mdogo wangu, nililia. Wateja Mungu ataleta wengine, lakini rafiki wa miaka ishirini hauzwi kwa mita. Binti, alipoona jibu lililomfikia, alilibana Dirisha Alhamisi ile ile. Sasa mteja anajibiwa "tayari" au "bado", basi. Lakini maji yalishamwagika.

Jana asubuhi nikalifunga gauni kwenye karatasi nimpelekee mwenyewe, nikajitupe miguuni pake. Kugeuka, yeye huyo mlangoni. Mkataji alitoweka kama chumvi kwenye mchuzi.

"Wewe fundi," akaniambia, "miaka yote hii nawaambia walimu wenzangu sijaongezeka hata sentimita."

"Nisamehe, dada yangu."

"Nyamaza kwanza! Nilimwambia hata daktari. Alinipima, nikamwambia futi yake mbovu, aje kwa fundi wangu ajifunze kazi."

Nikabana midomo, nikashindwa, kicheko kikanitoka. Nikajua hapo ndipo nimemaliza kila kitu. Kumtazama, na yeye mashavu yanatetemeka. Tukacheka mpaka tukakalia kiti kimoja.

Akasimama, akainua mikono, akaniamuru nimpime. Tisini na saba. "Hiyo ndiyo uandike," akasema. "Ile safu ya uongo muifute." Nikamwita binti aje afute na yale maelezo yangu. Mwalimu Mkuu akamshika mkono. "Hayo yaache," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Kwamba nina mengi ya kubeba. Mwaka mzima huu hakuna mwingine aliyeliona."

Basi yamebaki, mstari wa namba ishirini na mbili.

Shati uliloomba nitakushonea. Tuma vipimo, lakini wifi yangu ndiye akupime, usijipime mwenyewe. Msalimie sana, na watoto waambie shangazi yao anawataja kila anapoomba. Mama anakusalimu na anasema uvae soksi. Mpwa wako anakuamkia, mjomba, shikamoo.

Mungu akufunike, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Fundi.