Pulizo Moja Tu

Jumatano, usiku

...na mdomo wa Rehema bado haujarudi ulivyokuwa. Nimechoka, hata miguu sijaosha.

Siku zote hizi mikono ya huyu mtoto wa dada yangu inawasha na kupasuka, nami nilishatangaza Kariakoo nzima kwamba ni husuda ya manesi wenzake. Nikamletea dawa ya mganga wa Buguruni, yule aliyekataa hela yangu kwa kunistahi. Haikufanya kitu.

Leo alipita dukani kunijulia hali. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu puliza pulizo hili, mteja alione." Mapulizo yangu ya harusi, maputo ya kupambia ukumbi, yanatoka Dubai. Tangu biashara iwe ruksa, hakuna aliyenishinda. Akapuliza moja tu, midomo ikaanza kuvimba, macho yakajaa machozi.

Mteja akacheka. "Mzee, unauza mapulizo au nyuki?"

Rehema hakucheka. Alilitazama lile pulizo, akaitazama mikono yake. "Mjomba, ni mpira huu. Ni huu huu wa zile glavu za kazini."

Nikashusha pumzi, kumbe hakuna mtu aliyemhusudu. Halafu nikaogopa. Wodini hagusi damu bila glavu, na maradhi ya siku hizi... Wakimwondoa je?

Kesho anakwenda kumweleza matroni. Nikasema nitamsindikiza, nitazungumza mimi, mimi nimeshazungumza na mawaziri.

"Twende, Mjomba. Ila usiseme hata neno moja."

Nimekubali. Mungu anijalie kunyamaza, na matroni amjalie kazi isiyo na mpira.